Mlango Wenye Makomeo Matatu

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini tangu ujana wake mtaa mzima ulimwita Funguo. Si kwamba alikuwa nazo. Hakuzihitaji. Mpe kipande cha waya na muda wa kukohoa mara mbili, kufuli la watu linaachia lenyewe. Kwa kipaji hicho alikula vizuri miaka kadhaa, huku mkewe, fundi cherehani, akiamini kwamba ameolewa na dalali wa viwanja mwenye shughuli nyingi za usiku. Mpaka siku moja akafungua duka la vitambaa, akaingia kwa kunyata, akawasha tochi, akawakuta wenye duka wamejipanga humo ndani wanamsubiri, na polisi wao pembeni. Hakimu alimsifu kwa ustadi wake, kisha akamtandika miaka sita.

Huko jela, mkuu wa karakana alimtazama vidole, akacheka peke yake. Karakana ile ilikuwa na kazi moja tu: kutengeneza milango ya seli, ya jela ile na ya jela za jirani.

"Milango ulikuwa unaifungua," alimwambia huyo mkuu, ambaye wafungwa walimwita Afande Karakana. "Sasa utaitengeneza. Tuone nani mjanja."

Hivyo ndivyo Funguo alivyojifunza kuchomelea. Bati nene, fremu ya chuma, bawaba nne, kidirisha cha kuchungulia usawa wa jicho la askari, na makomeo matatu: la juu, la kati, la chini. Mwaka wa kwanza alipima kila kitu. Mwaka wa tatu mikono yake ilikuwa haikiulizi tena kichwa. Na msimcheke, alikuwa na fahari na kazi yake! Mlango wa seli aliyolala aliutengeneza yeye mwenyewe. Jioni askari akiufunga, Funguo hutega sikio asikie yale makomeo yanavyoingia, moja baada ya jingine, bila kukwaruza. "Mmesikia hiyo?" huwauliza wenzake mle ndani. "Hiyo ndiyo kazi." Wenzake walimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu.

Mwaka wa mwisho wa kifungo chake ukaja mradi. Mradi ulikuja na mwanamke mmoja mchangamfu, mwenye kalamu za rangi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, na wafungwa wakamwita Madamu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha ujasiriamali ili wakitoka wasirudi. Tusimwonee, Madamu alikuwa na moyo safi. Ila masomo yale, nadhani, yaliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Siku ya kwanza aliuliza, uso umemkunjuka, "Kila mmoja aniambie, baada ya miaka mitano anajiona wapi?"

Mzee mmoja wa nyuma, ambaye kifungo chake kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza na hakimu hakuwa mchoyo, akanyoosha kidole. "Hapa hapa, Madamu. Ila karibu na dirisha, Mungu akipenda."

Siku ya pili akawaambia kwamba mjasiriamali ni mtu anayethubutu: wenzake wakiona ukuta, yeye anaona pa kupita. Darasa zima likatikisa vichwa kwa heshima. "Ndivyo tulivyofika humu," mmoja akasema. Somo la kuchunguza soko nalo ndilo lililowatoa usingizi kabisa. Chagueni mtaa, alisema Madamu. Jueni wakazi wake wana nini, wanakosa nini, wanatoka saa ngapi, wanarudi saa ngapi. Salaale! Madamu hakuwahi kuona darasa linaloelewa upesi namna ile. Watu ambao hata kusoma hawajui walimjibu mpaka mambo asiyowauliza, kama vile nyumba ipi ina mbwa, na mbwa mwenyewe anapenda nini.

Kila somo liliishia kwa maneno yale yale, wakiyasema wote kwa pamoja, "Mjue mteja wako!" Funguo aliyapigia kelele kuliko wote. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa mkewe.

Siku Funguo alipokamatwa, polisi walikwenda kupekua nyumba yake ya vyumba viwili, na mlango hawakuufungua, waliuvunja. Ukabaki umening'inia kwa bawaba moja. Tangu hapo mkewe hakuwa na pa kujificha. Aliyetaka kudai aliingia, aliyetaka kuumbua aliingia, na mlevi mmoja wa jirani akawa kila mara anajidai amepotea njia. Kila jioni yule mama wa watu aliisukuma cherehani yake hadi mlangoni, akaiegemea, akalala ameketi. Mwishowe akakusanya virago, akarudi kwa mama yake. Siku ya kumtembelea mumewe alimwambia waziwazi kupitia wavu:

"Nimekukasirikia mpaka nimechoka, na sasa nakwambia moja tu. Kurudi, naweza kurudi. Lakini kwanza nitengenezee mlango. Mlango ambao nikitaka kuufunga naufunga mimi, na mtu haingii mpaka nipende mimi. Hata wewe. Ukishautundika nitakuja niuone. Nikiridhika, nalala hapo hapo. Nisiporidhika, narudi kwa mama na hutanisikia tena."

Funguo nusura aurukie ule wavu. "Mlango? Mke wangu, umeomba mlango? Mlango si ndiyo kazi yangu!"

Akatoka. Mradi ukamkopesha mashine ya kuchomelea na grenda ya kukatia chuma, kwa makubaliano kwamba ikifika siku ya wageni, Mgeni Rasmi akipendezwa na kazi yake, vitu vile vitakuwa mali yake moja kwa moja. Akajenga kibanda mbele ya nyumba, akalala humo humo ailinde mashine. Kisha, kama alivyofunzwa, akaenda kuchunguza soko.

Hebu fikiria. Funguo yule yule, ambaye mtaa mzima unamjua, ametoka jela juzi, leo umefungua pazia unamwona amesimama mbele ya dirisha lako, mikono nyuma, kichwa amekiinamisha kidogo. Anakusalimia kwa adabu. "Samahani, mama. Hizi nondo zako zinakuridhisha?" Kesho yake anapita tena, anatikisa kichwa kwa huruma, anaondoka. Nani atapata usingizi hapo? Ilipofika wiki ya pili, oda zilikuwa zinamiminika. Muuza nyama ndiye aliyeanza, akaweka nondo mpya madirisha yote, hata la choo. "Bora nimpe kazi mimi," aliwaambia majirani, "kabla hajajipa mwenyewe." Madamu aliposikia jinsi wateja walivyoitikia, alisema hajawahi kuona utafiti wa soko wenye matokeo ya haraka kiasi kile.

Lakini hizo zilikuwa nondo za madirisha. Mlango, Funguo hakumtengenezea mtu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mkewe, na kwa ajili yake alitafuta bati lililonyooka kuliko yote sokoni. Aliukata, akauchomelea, akaupiga msasa pande zote mbili hadi ukateleza, akaupaka rangi ya samawati ambayo mkewe aliipenda tangu uchumba wao. Kazi hiyo alikuwa anaifanya huku anatabasamu kama mtu aliyelewa. Kichwa kilikuwa kwa mkewe: atasema nini, ataweka wapi cherehani, atacheka au atajifanya kununa. Mikono ikaachwa peke yake, ikafanya ilichozoea.

Madamu alipoambiwa habari ya mlango huo, machozi yalimlengalenga. Huo huo ndio utakaozinduliwa siku ya wageni! Akauita "Mlango wa Mwanzo Mpya", akaagiza turubai, viti vya kukodi na spika mbili kubwa, na akaamuru ufunikwe shuka jeupe mpaka Mgeni Rasmi mwenyewe alifunue. Funguo akautundika alfajiri ya siku ile ile, akafunga waya juu ya fremu, akaning'iniza shuka.

Mkewe alikuja na mama yake. Funguo hakumtazama usoni kwanza. Alitazama mkono wake, na mkononi mlikuwa na begi. Begi! Mtu haji na begi kama hana nia ya kulala.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Hilo shuka la nini? Huo mlango umefariki?"

"Ni la uzinduzi, mama."

"Mh," akasema mama mkwe, akatafuta kiti cha mbele kabisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye hakumpenda Funguo hata alipokuwa dalali wa viwanja.

Hotuba zikaanza. Madamu alieleza jinsi mradi ulivyobadilisha maisha. Mgeni Rasmi, bwana mmoja mwenye suti na kitambi cha kutosha, alieleza jinsi alivyoguswa. Afande Karakana naye alikuwepo, amekaa upande wa wakubwa na magwanda yake yamepigwa pasi, maana alialikwa kama mlezi wa kipaji. Kisha Mgeni Rasmi akalivuta shuka, likadondoka na waya wake chini.

Loo! Watu wakashangilia. Ule mlango ulikuwa mzuri, sitaki kumnyima Funguo haki yake. Samawati iling'aa juani, makomeo matatu yameng'arishwa yakawa kama vijiko vipya. Afande Karakana alimeza mate, na wanaomjua wanasema ndiyo mara ya kwanza kumwona akihemewa. Ule mkono aliufahamu. Mkewe Funguo alisimama, akaenda mbele, akaipapasa ile rangi kwa kiganja, na akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hakumtazama nalo tangu siku ya mahakama.

"Hujaisahau rangi," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nisahau vipi?"

"Mama mwenye nyumba aingie!" Madamu akadakia kwenye kipaza sauti. "Aingie, afunge, tupige picha!" Akamshika mkono, akamwingiza na begi lake, na mlango ukarudishwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Afande Karakana alikuwa amesimama ubavuni mwa mlango, anamweleza Mgeni Rasmi habari za unene wa bati. Amefanya kazi ya jela maisha yake yote. Mlango ukifungwa mbele yake na mtu yuko ndani, mkono wake haumngojei. Hakukatiza hata maneno. Komeo la juu, kwa! La kati, kwa! La chini, kwa! Kisha akaendelea na habari za bati.

Na Funguo? Komeo la kwanza lilipoingia, mgongo wake ulinyooka wenyewe, mikono ikaenda nyuma, macho yakashuka chini. La tatu lilipoingia ndipo akili ikamrudi, akainua macho, akautazama mlango wake kama mara ya kwanza. Makomeo yalikuwa nje. Yote matatu. Ndani kulikuwa na bati tupu, laini, lisilo na hata kijipini cha kushika, maana ndivyo ilivyotakiwa kule karakana, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisugua likateleza.

Miaka sita ametengeneza milango, na hakufikiria hata mara moja kwamba mlango unaweza kufungwa na mtu aliye ndani.

Ngumi ya kwanza ikasikika. Halafu nyingine. Mkewe alikuwa anagonga, na alikuwa anaita jina la mumewe, lile zuri la wazazi.

"Mnasikia?" Mgeni Rasmi akasema kwenye kipaza sauti, uso umejaa furaha. "Anaupiga kwa nguvu zake zote, na hautikisiki! Huu ndio ubora!" Watu wakapiga makofi. Akakolea. Akasema serikali iko mbioni kujenga mabweni mapya ya wafungwa, na milango ni mingi inayotakiwa, na kwa nini itafutwe mbali wakati kijana wetu yuko hapa? Hapo hapo, mbele ya mashahidi wote, akatangaza oda. Madamu akapiga kigelegele. "Soko la uhakika!" akawa anamwambia Funguo, amemkumbatia bega. "Mteja ambaye hataisha! Unaona? Unaona sasa?"

"Mtoeni mtoto wangu humo!" mama mkwe alipiga kelele, lakini makofi yalikuwa mengi, na waliomsikia walidhani ni sehemu ya mchezo.

Funguo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye komeo. Kunyoosha mkono tu! Alijua hivyo. Lakini Afande alikuwa amesimama pale, na komeo alilolifunga Afande, hakuna aliyewahi kulifungua. Mdomo wake ukafunguka, na yaliyotoka humo yanamtia aibu mpaka leo.

"Afande," alisema, mikono bado iko nyuma. "Naomba ruhusa ya kufungua."

Afande hakusikia. Lakini mlango ulikuwa na kile kidirisha cha kuchungulia, na aliyekuwa ndani alisikia vizuri. Ngumi zikanyamaza.

Ukimya ule Funguo aliujua. Kila mfungwa mpya hugonga. Hugonga, huita, hulia, kisha ghafla hunyamaza, na walio seli za jirani huambiana basi, huyo ameshaelewa. Kusikia ukimya wa namna ile kutoka kwa mkewe, ndani ya rangi ile ya samawati, kulimchoma kuliko miaka yote sita. Alitikisa bega akautoa mkono wa Madamu, akampita Afande bila kumwangalia, akavuta makomeo yote kwa mpigo mmoja.

Mkewe akatoka, begi mkononi. Hakulia. Alirudisha mlango, akayatazama yale makomeo, akayagusa kwa kidole moja moja.

"Matatu," alisema. "Na yote yako huku." Halafu akamgeukia. "Nilikuomba mlango wa kujifungia. Wewe umenitengenezea wa kufungiwa."

"Mke wangu, mikono tu. Wallahi sikujua, ni mikono."

"Najua ni mikono. Kila siku ni mikono yako. Ile ya zamani ni mikono, na hii pia ni mikono. Wewe mwenyewe unakuwaga wapi?"

Mkewe akampa mama yake ishara, wakaanza kuondoka. Walipita safu ya kwanza ya viti, wakapita ya pili, na watu sasa walikuwa wameanza kunong'ona. Funguo aliona begi linakwenda zake.

"Lako unalitaka wapi?" akauliza kwa sauti kubwa.

Mkewe akasimama. "Nini?"

"Komeo. Unataka nikuwekee wapi? Sijakuuliza." Akapiga hatua moja kumwelekea. "Nimeuliza mtaa mzima. Nimemuuliza muuza nyama mpaka dirisha la choo. Wewe sijakuuliza."

Aliyejibu ni mama mkwe, tena bila upole wowote. "Rudi umwonyeshe. Nimevaa viatu vya kubana, siwezi kutembea sasa hivi."

Mkewe akarudi. Akaingia ndani, akasimama mbele ya lile bati tupu, akaweka kidole juu yake. "Hapa." Palikuwa chini sana kuliko Funguo alivyodhani, kwenye usawa wa kiuno. Yeye alizoea kupima bega la askari. "Nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikinyoosha mkono, nilifikie bila kusimama."

Funguo akaenda kibandani, akarudi na grenda.

"Unafanya nini?" Madamu akamkimbilia. "Huo ndio mlango alioupenda Mgeni Rasmi! Ameutolea oda! Ukiuharibu sasa, habari ya mashine nitaisemaje ofisini?"

"Madamu, ulitufundisha tumjue mteja."

"Mteja wako ni yule mwenye suti!"

"Huyo simjui," alisema Funguo, akawasha grenda. Cheche ziliruka hadi meza kuu, wakubwa wakakumbuka kwamba chakula kilikuwa kinapoa mahali pengine. Mgeni Rasmi aliaga kwa mkono. Afande Karakana alibaki nyuma kidogo, anatazama makomeo yanavyodondoka chini.

"Sasa ile oda nimpe nani?" aliuliza kwa huzuni ya kweli.

"Yeyote utakayempenda, Afande. Mimi yangu nimeshatengeneza ya kutosha, na nyuma ya mojawapo nimelala."

Afande akamtazama, akautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, akautia mfukoni na kuondoka.

Komeo moja tu ndilo lililorudi kwenye ule mlango, upande wa ndani, usawa wa kiuno. Kazi haikuwa nzuri. Alichomelea kwa haraka, rangi ikaungua na kuacha baka jeusi, na kwa kuwa alilazimika kukata ukingo wa bati, palibaki mwanya mwembamba kati ya mlango na fremu. Mkewe alilipapasa lile baka. Alichukua begi, akaingia, akavuta mlango. Komeo likaingia.

Sauti ile ile, lakini sasa Funguo yuko upande wa nje. Mtaa wote ulikuwa umetawanyika. Amebaki yeye na mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi kwenye kizingiti na viatu ameshavivua.

Funguo aliuangalia mlango. Macho, bila kuambiwa, yakauona ule mwanya. Yakaona pia ule waya wa shuka ulioanguka chini. Kupinda kidogo ncha, kuingiza, kusukuma pembeni. Asingehitaji hata kukohoa mara mbili. Alikuwa hafikirii kufungua. Ni mikono tu iliyokuwa inahesabu. Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa anamtazama. Alinyoosha mguu wake mtupu, akaukanyaga waya.

Funguo akasogea mlangoni. Akasafisha koo. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui kuanza. Milango ya watu aliifungua bila kuuliza. Milango ya jela ilifunguliwa bila yeye kuulizwa. Na huu wa nyumbani, enzi zile, aliusukuma tu kwa bega, saa yoyote aliyojisikia, kama mwenye mali. Akainua mkono, akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi, wenyewe."

"Nani?"

Ulimi nusura utoe namba yake ya jela. Miaka sita akiulizwa nani, alitoa namba. Akaimeza. "Mimi."

"Mimi nani?"

Kwa swali hilo Madamu alimwandaa vizuri mno: jina, bidhaa, soko, kwa ufupi na kwa kujiamini. Alikuwa ameyakariri yote. Hakuna hata neno moja lililofaa.

"Mumeo," alisema.

Ndani kiti kilivutwa. Alikuwa anakaa huyo, tena bila haraka yoyote.

"Siku hizi unabisha hodi?" sauti ikauliza kupitia kwenye mwanya.

"Ndiyo kwanza naanza."

"Basi subiri."

Funguo akageuka, akakaa kwenye kizingiti karibu na mama mkwe, akauegemeza mgongo kwenye mlango wake, akasubiri. Mama mkwe alisogea kidogo kumpa nafasi, lakini mguu hakuutoa juu ya waya.